Mhifadhi Asiye na Wanyama

Nilipomwambia dada yangu kwamba ninakwenda London kufuatilia habari za mhifadhi mmoja, aliniuliza anahifadhi wanyama gani. Sikumlaumu. Kwetu neno hilo limeshavaa kaki na buti. Ukilitamka, mtu anaona lango la Ngorongoro, Land Rover yenye vumbi na redio ya mkononi inayokoroma. Nikamwambia huyu wangu alihifadhi karatasi, tena ameshakufa tangu 1948. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nauli anakulipia nani?"

Nauli nilijilipia mwenyewe, baada ya kudunduliza miaka miwili, na chanzo cha yote ni mchoro wa marehemu baba.

Baba aliununua Nyumba ya Sanaa, pale Upanga, katika miaka ya themanini. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka nyumba ile. Ilianzishwa 1972, na ndani yake vijana, Wamakonde wengi wakiwemo, walichora, wakachonga, wakatia batiki, na baadhi yao wakajifunza kuchora kwenye bamba la chuma kwa asidi na kulichapa kwenye karatasi. Mchoro wa baba ulikuwa wa aina hiyo ya mwisho. Haukuzidi ukubwa wa daftari la mahudhurio. Mashetani saba wenye masikio kama majani ya mgomba wanagombea chungu kimoja, na wa nane, mdogo, amejificha nyuma yao analamba mwiko. Chini ya picha, kwenye pambizo jeupe, kulikuwa na maandishi ya penseli: kushoto namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kulia sahihi ya msanii. Tulipokuwa wadogo baba alituambia kwamba zile namba ni cheti cha kuzaliwa. Ya kwanza inasema huyu ni mtoto wa ngapi, ya pili inasema bamba lile lilizaa watoto wangapi.

Alipofariki niliuchukua mimi, na kwa kuwa fremu yake ilikuwa imeliwa na mchwa, nikaupeleka kwa fundi fremu mmoja Kariakoo. Simtaji, kwa sababu alifanya kazi yake kwa moyo safi. Baada ya siku tatu alinikabidhi fremu ya rangi ya dhahabu, kioo kinameta, picha imejaa kona hadi kona. Pambizo halikuwepo.

"Nimekusafishia, bosi," akasema. "Kulikuwa na penseli penseli pale chini, zinachafua."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nililipa.

Hivyo nikabaki na mashetani wanane wasio na baba. Sahihi sikuwahi kuinakili mahali popote, na kwa miaka yote ule mchoro ulipokuwa ukutani sikuwahi kuisoma kwa makini. Nani husoma kitu anachokiona kila siku akienda kupiga mswaki? Rafiki yangu anayefundisha sanaa sekondari ndiye aliyenitia hamu ya safari. Aliniambia mchoro wa chapa hautambuliki kwa kuutazama wenyewe, hata uukodolee macho mwezi mzima. Unatambulika ukiwekwa kando ya ndugu zake. Kuna watu ambao kazi yao ya maisha ndiyo hiyo, akasema, na akanipa jina moja nianze nalo: Campbell Dodgson, Mtunzaji wa michoro ya chapa na ya mkono katika British Museum kuanzia 1912 hadi 1932.

Binamu yangu anaishi Barking, mashariki ya London, ghorofa ya tatu, katika nyumba inayonukia samaki wa kukaanga kuliko soko la Feri. Asubuhi ya kwanza alinifunga skafu shingoni kama mtoto wa chekechea na kunisukuma nje. Nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikabadilisha Mile End, nikatokea Holborn kwenye ile mvua yao ya Oktoba ambayo hainyeshi wala haikatiki. Mbele ya makumbusho kulikuwa na foleni ya watoto wa shule wanaokwenda kuona maiti za Misri. Kiingilio hakuna. Nikawaacha watoto na maiti zao, nikapita hadi upande wa kaskazini wa jengo, nikapanda mpaka chumba namba 90.

Nje kuna ukumbi wa maonyesho wenye mwanga hafifu, hafifu kiasi kwamba niliona kama umeme umepungua. Haukupungua. Karatasi na mwanga ni kama kanga mpya na jua: ukiianika kutwa nzima kila siku, utakuja kukuta rangi imekwenda zake. Kwa hiyo michoro hutolewa gizani kwa miezi michache, ikatazamwa, ikarudishwa gizani kwa miaka. Idara ile ina michoro ya chapa inayozidi milioni 2 na ya mkono kama 50,000. Kinachoonekana ukutani kwa siku moja ni tone.

Ndani zaidi ndiko kuna chumba cha kusomea. Unaweka miadi kabla, unaonyesha pasipoti, begi linabaki nje, na kalamu ya wino inakatazwa kama bangi. Unaruhusiwa penseli tu. Nilipoona penseli ile nilimkumbuka fundi wangu wa Kariakoo nikacheka peke yangu. Dada wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinielekeza nikanawe mikono. Glovu hatuvai, akasema. Mkono safi unahisi karatasi, glovu hazihisi kitu.

Nilikuwa nimemwahidi dada yangu mnyama, kwa hiyo cha kwanza nilichoomba kilikuwa faru.

Aliletwa ndani ya sanduku la kadibodi ngumu lililofunikwa kitambaa cheusi, linalofunguka ubavuni na kulala wazi mezani. Masanduku haya huitwa Solander, kwa jina la Daniel Solander, Mswidi aliyefanya kazi katika makumbusho hayohayo na akasafiri na Kapteni Cook ndani ya Endeavour kuanzia 1768 hadi 1771. Kila mchoro ndani yake umeegeshwa kwenye kadibodi iliyokatwa dirisha, ili usiguswe na jirani yake.

Faru wa Albrecht Dürer, 1515. Umemwona, hata kama hujui kwamba umemwona. Ni yule mwenye ngozi kama mabati yaliyopigwa ribiti, miguu yenye magamba kama ya kobe, na kijipembe cha ziada kilichoota begani. Karatasi yake inakaribia A4 iliyolazwa. Dürer hakuwahi kumwona mnyama huyo. Sultani Muzaffar wa Pili wa Gujarat alimtoa zawadi kwa Wareno, wakampakia melini huko Goa, wakavuka naye bahari yetu hii ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Lisbon, ambako alishushwa tarehe 20 Mei 1515. Mtu fulani akapeleka barua na mchoro mdogo Nuremberg, na Dürer akafanya yaliyobaki kwa akili yake. Hata tarehe aliyoiandika juu ya picha si sahihi, ameandika 1513. Mnyama mwenyewe alikufa maji mwanzoni mwa 1516 karibu na pwani ya Italia, alipokuwa anasafirishwa kuwa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi.

Sisi tunaowajua faru kwa majina, tuliosoma magazetini habari za msiba wa Fausta wa Ngorongoro mwishoni mwa 2019 alipokufa akiwa na miaka 57, tunaona mara moja kwamba huyu si wa kwetu. Ana pembe moja puani, ya Kihindi. Hiyo ya begani si ya faru yeyote.

Nilidhani nimemaliza. Nikaanza kufunga daftari. Dada wa zamu akaniambia subiri, akaenda na kurudi na faru wa pili.

Kwa macho yangu walikuwa pacha. Akanipa lenzi, akaweka ncha ya kucha yake juu ya hewa, bila kugusa, karibu na miguu. Kwa huyu wa pili kulikuwa na mstari mwembamba mweupe uliokata miguu kwa ulalo, na mistari ya wino pembeni mwake haikukutana sawasawa. Kwa huyu wa kwanza mstari haukuwepo. "Ubao umepasuka," akasema. Matoleo manane yanajulikana ya faru huyu, na mengi yalichapwa baada ya Dürer kufa 1528, kwa ubao uleule uliokuwa unazidi kuzeeka mikononi mwa wachapaji wengine. Ufa unasema huyu ni mkubwa, huyu ni mdogo. Tundu la mdudu mbao likitokea kama doa jeupe pasipo na sababu, hilo nalo ni tarehe.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya Dodgson, naomba nikueleweshe na wewe.

Mchoro wa ubao ni muhuri. Kila ofisi ya Tanzania inao, na kila Mtanzania ameshasumbuliwa na mmoja. Kilichochongwa na kuondolewa kinabaki cheupe. Kilichoachwa kimesimama kinabeba wino. Kwa desturi ya wakati wa Dürer mchoraji alichora juu ya ubao, na fundi mwenye kisu akaondoa kila kisicho mstari. Mchoro wa bamba la shaba ni kinyume chake. Huo ni chale. Unachanja chuma, unapaka wino kama dawa, unafuta juu, na wino uliobaki ndani ya chale ndio unaonyonywa na karatasi mashine inapobinya. Asidi ya Nyumba ya Sanaa ilikuwa inachanja kwa niaba ya mkono. Ubao hupasuka, bamba huchakaa, chale hufifia. Kila karatasi inayotoka inabeba hali ya kiafya ya ubao au bamba siku ile ilipochapwa. Mtunzaji ni yule anayeweza kuisoma hali hiyo, na hawezi kuisoma akiwa na karatasi moja.

Dodgson alizaliwa 1867, akasoma Winchester kisha New College, Oxford. Mwanzoni mwa 1893 alikuwa mwalimu wa nyumbani wa Lord Alfred Douglas, rafiki wa Oscar Wilde, akakaa nao Babbacombe kwenye pwani ya Devon. Wambeya wangeishi maisha yao yote kwa kusimulia majuma yale. Yeye, mtu mwenye haya kwa sifa za wote waliomjua, mwaka huohuo aliajiriwa British Museum, akakaa karibu miaka arobaini.

Aliingia bila kuwa mtaalamu wa michoro ya chapa. Miaka miwili baadaye, 1895, mkusanyaji mmoja aitwaye William Mitchell aliwapa makumbusho hazina yake ya michoro ya ubao ya Wajerumani wa kale, na kijana Dodgson akakabidhiwa rundo lile alipange. Kijerumani akakifanyia kazi mpaka kikamwingia. Akaenda kulinganisha karatasi za London na ndugu zao waliobaki Ujerumani na Austria: huyu ana ufa, huyu hana, huyu jina la mchapaji limeandikwa kwa herufi hizi, huyu kwa zile. Orodha yake ya michoro hiyo ilitoka kwa juzuu mbili, ya kwanza 1903, ya pili 1911. Niliiomba, nikafungua kati. Ni usomaji mkavu kama muhogo wa juzi. Lakini kila mstari kuna mtu aliyeinama, na wataalamu mpaka leo wanautaja mchoro kwa namba aliyoupa yeye.

Sasa, kwa nini mambo haya yawe na maana kubwa hivyo? Idara yenyewe ilizaliwa kwa wizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mchora vibonzo mmoja aitwaye Robert Dighton alikuwa akija makumbusho kutazama michoro. Akajipendekeza kwa Mchungaji William Beloe, aliyekuwa na dhamana ya mkusanyiko ule, akamchora picha yeye na binti yake. Kila alipotoka, alitoka na karatasi za watu. Mwaka 1806 mfanyabiashara Samuel Woodburn alinunua kwake mchoro wa Rembrandt. Akaingiwa na shaka, akafanya jambo jepesi kabisa: akaupeleka makumbusho ili aulinganishe na ule wa pale. Ule wa pale haukuwepo. Alikuwa ameushika mkononi.

Beloe alifukuzwa kazi. Hapakuwa na orodha ambayo ingesema nini kimepotea, na hilo ndilo lililomwezesha mwizi. Mwaka 1808 wakaunda idara na kumweka William Alexander, mchoraji aliyewahi kwenda China na ujumbe wa Lord Macartney. Dodgson alikuwa anakalia kiti kilichochongwa kutokana na aibu hiyo, na nadhani ndiyo maana orodha zake hazina mzaha hata kidogo.

Idara aliyoiongoza ilikuwa ya watu wakimya wenye lugha nyingi. Laurence Binyon, mshairi, alikuwa humo. Arthur Waley aliingia 1913, akajifunza Kichina na Kijapani mwenyewe ili aweze kusoma yaliyoandikwa kwenye picha alizopewa kuorodhesha. Mwaka huohuo Dodgson alimwoa Catharine Spooner, naye mchoraji. Vita ya Kwanza ilipokuja, Kijerumani chake kikatumika kwenye ujasusi wa jeshi, na 1918 michoro ikahamishiwa Aberystwyth, Wales, mbali na mabomu ya angani.

Jambo lililonigusa zaidi ni pesa zake. Fungu la makumbusho lilikuwa dogo, na desturi ya pale haikupenda kununua kazi za wasanii walio hai. Dodgson alikuwa na mali ya kurithi. Akawa ananunua mwenyewe, kwa mfuko wake, michoro ya wasanii wa karne ya 19 na wa siku zake, akiangalia ni wapi makumbusho yana pengo. Nyumba yake ikawa ghala la makumbusho, isipokuwa makumbusho yenyewe hayakuwa na haraka ya kujua. Alikuwa anawajua wasanii wenyewe. Aliorodhesha kazi za Muirhead Bone na Augustus John wakiwa bado wanafanya kazi. Mwaka 1919 akashiriki kuanzisha mfuko wa kununua michoro ya wasanii wa kisasa kwa ajili ya makumbusho. Alipokufa 1948 aliwaachia zaidi ya michoro 5,000.

Zaidi ya elfu tano. Nilipiga hesabu ya kijinga palepale mezani kwa ile penseli: tangu aajiriwe hadi kufa kwake, ni wastani wa mchoro mmoja hivi kila siku nne. Mtumishi gani wa umma unayemfahamu hupeleka vitu kazini kutoka nyumbani, tena kwa mwendo huo? Sisi tumezoea msafara unaoelekea upande wa pili.

Sitaki nimfanye walii. Urithi ulimrahisishia, na alikuwa mtu wa tabaka lake na nchi yake. Mengi kati ya yaliyojaa jengo lile yana historia ambayo mwenye asili ya Kilwa haipiti kimya. Na Kilwa ndiyo iliyonipata siku ya pili.

Juzuu ya pili ya Dodgson inamshughulikia pia Hans Burgkmair, mchoraji wa Augsburg. Mwaka 1505 mfanyabiashara Mjerumani, Balthasar Springer, wakala wa ukoo wa Welser wa mji huohuo, alipanda msafara wa meli za Mreno Francisco de Almeida. Ndio msafara ulioiteka Kilwa mwezi wa Julai na kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti. Springer alikuwepo. Aliporudi alisimulia, na 1508 Burgkmair akachora safu ndefu ya mbao kadhaa zinazoonyesha watu waliokutana nao njiani: wa Guinea, wa Allago kule kusini ya Afrika, wa Arabia, wa India, na Mfalme wa Cochin amebebwa na msafara wake. Nilionyeshwa picha yake kitabuni. Ni kazi nzuri ajabu. Miili imechorwa kama miili ya watu, mama amembeba mtoto kama mama, si kama majini, kama walivyozoea kuchorwa watu wa mbali.

Nikatafuta ubao wenye jina la Kilwa. Hakuna. Wa Mombasa hakuna. Nikatazama tena toka mwanzo, nikidhani labda jina limeandikwa kwa Kijerumani cha ajabu. Miji miwili aliyoiona ikitekwa na kuungua ndiyo isiyo na ubao wake. Nilikaa na picha ile kuliko muda niliopangiwa, mpaka dada wa zamu akaja kuniuliza kama naumwa.

Picha ya Kilwa iliyo maarufu ilikuja 1572, huko Cologne, katika kitabu cha miji cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kwenye ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala. Wewe msomaji umeiona: imetundikwa hotelini kuanzia Lamu hadi Mikindani, mara nyingi imepakwa rangi. Quiloa, imeandikwa, na mji wenye minara umejikunja kando ya maji. Hogenberg, aliyechora chale za shaba kwa ajili ya kitabu kile, hakukanyaga pwani yetu. Huyo naye ni faru wa Dürer, ana pembe ya begani. Lakini ndiye tuliye naye, na tumemtundika.

Siku ya mwisho nilitoa simu, nikamwonyesha dada wa zamu mashetani wangu. Niliona haya, kama mtu aliyeleta mgonjwa wa kienyeji kwa daktari bingwa. Akavaa miwani. Akaikuza picha, akaisogeza polepole kutoka masikio hadi mwiko. Akacheka kwa ajili ya yule mdogo. Kisha akafika ukingoni, mahali karatasi ilipokatwa, akanyamaza.

"Nani amekata?"

Nikamweleza. Nilitegemea ashtuke. Badala yake alinisogezea sanduku lililokuwa wazi mezani na kunionyesha mchoro wa Kijerumani wa miaka mia tano, umekatwa hadi kwenye mstari wa picha, hauna pambizo hata la unene wa kiberiti. Wakusanyaji wa zamani wa Ulaya walikuwa wakifanya hivyohivyo, akasema, tena matajiri na wasomi. Walitaka picha, hawakutaka karatasi. Fundi wangu alikuwa katika kundi la heshima.

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta ndugu yake," akasema. "Bamba moja halizai mtoto mmoja. Kuna mwingine mahali, na penseli yake haijakatwa."

Ni jibu lile lile la rafiki yangu mwalimu, na ndilo alilolifanya Woodburn 1806, na ndilo alilolifanya Dodgson maisha yake yote. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mahali pa kwenda kulinganisha. Niliporudi Dar es Salaam niliuliza mahali patatu. Pa kwanza waliniambia nije na barua. Pa pili mzee mmoja, mtu mwema, alinipeleka stoo na tukakuta viti vilivyovunjika. Pa tatu bado wananiambia watanipigia. Nyumba ya Sanaa yenyewe haipo tena. Michoro ile iliuzwa moja moja kwa wageni, mabalozi, masista, na watumishi kama baba, kwa bei ya mtu wa kawaida. Iliyokwenda nje huenda iko gizani salama ndani ya sanduku la Solander. Iliyobaki hapa iko kwenye kuta zetu, mkabala na madirisha.

Dada yangu nilimletea faru, kadi ya posta kutoka duka la makumbusho. Ameibandika kwenye friji. Ameniuliza kwa nini ana pembe begani, nikamwambia aliyemchora hakumwona. "Sasa aliyemhifadhi je, hakumrekebisha?" Nikamwambia hapana, kazi yake si kurekebisha.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma haya. Kama nyumbani kwenu kuna mchoro wa Nyumba ya Sanaa, wa wino mweusi, wenye alama ya kubonyea pembeni pale bamba lilipobinya karatasi, utoe kwenye ukuta unaopigwa na jua. Ukiupeleka kwa fundi fremu, kaa hapohapo, mwambie asikate pambizo, na usiondoke akiwa ameshika kisu. Na kama ndani yake kuna mashetani saba wanaogombea chungu, na wa nane nyuma yao analamba mwiko, tafadhali nisomee penseli iliyoandikwa chini, upande wa kulia.